Vipande vya Bati vya Kweyu

Na ijulikane kwa watu wote wa Kariobangi, wenye karakana na wasio na karakana, kwamba Jamhuri, kwa mamlaka iliyopewa na Sheria mpya ya Utafiti wa Viwanda na Ubunifu, imemteua Fundi Dishon Nalianya kuwa Mbunifu wa Mfano wa Taifa, na kwamba mashine yake itachukuliwa na gari la serikali siku ya Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, ikiwa imefunguliwa vipande vipande, na kila kipande kikiwa kimepewa nambari yake.

Hivyo ndivyo ilivyosema barua. Ilikuwa na nembo, ilikuwa na nambari ya kumbukumbu, ilikuwa na muhuri wa zambarau. Nembo ilikatwa kwenye kalenda ya mwaka juzi. Nambari ya kumbukumbu ilikuwa nambari ya usajili ya mwanafunzi fulani wa kidato cha tatu. Muhuri ulichongwa kwenye kisigino cha patipati, ile ndala ya mpira. Wale waliosoma shule za bweni wanaijua kazi hiyo: kisigino cha patipati, kisu kikali, wino kidogo, na mwanafunzi mwenye afya njema anapata ruhusa ya kwenda kung'olewa jino mjini. Msimulizi ameyajuaje haya yote, hilo tuliache kwanza.

Nalianya hakuyajua. Aliikuta barua Jumamosi asubuhi chini ya mlango wa karakana, akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Kisha akavua kofia, ingawa hapakuwa na mtu mwingine pale ndani.

Ili mtu aelewe kofia ile ilivuliwa kwa nini, ni lazima amjue Fisi.

Fisi ilikuwa mashine. Ilikuwa pipa la chuma lenye meno mia mbili, lililozungushwa na mota ya pampu iliyokufa na kufufuliwa mara mbili. Ukiitupia magunia ya matambara kutoka Gikomba, yale mabaki ya mitumba yasiyonunuliwa hata na mtu wa kupigia deki, iliyatafuna na kuyatema upande wa pili yakiwa laini kama pamba, tayari kujazwa kwenye magodoro na mito. Nalianya aliijenga na rafiki yake Kweyu kwa miaka mitatu, kwa vyuma chakavu na ubishi. Nalianya alikata, akachomelea, akakaza. Kweyu alisikiliza.

Ndiyo, kazi yake ilikuwa kusikiliza. Fisi ya kwanza ilitetemeka hata majirani wakadhani kuna tetemeko la ardhi. Kweyu akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye beringi na mpini sikioni, akafumba macho. Kisha akatoa kisu chake kilichochongwa kutoka msumeno mkuukuu, chenye mpini wa mpira wa tairi, akakata kipande cha bati kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akakichomeka chini ya beringi na kusikiliza tena. Kipande kimoja hapa, kingine kilichokunjwa mara mbili pale. Alifanya hivyo kwa miezi. Siku moja Fisi ikaacha kupiga kelele, ikaanza kunguruma kwa sauti ya chini, kama wazee wakisali sala ya kimya kanisani. Kweyu akafumbua macho na kusema, "Isifunguliwe tena. Mimi mwenyewe sijui nimefanya nini."

Hawakuandika popote. Mafundi wa jua kali hawaandiki. Vipimo vyao viko mikononi, na vichache viko ukutani kwa chaki, mpaka mvua ipenye.

Kweyu alifariki mwaka jana, mwezi wa nne, kwa homa ya mapafu. Mjane wake alirudi kijijini, Butere. Mwanawe, Frankline, aliyekuwa shule ya bweni, sasa alikuwa akija kwa Nalianya kila likizo, analala sebuleni, anakula kwa watatu, na anamwita Nalianya ankoli. Kuhusu kijana huyu msimulizi atasema tu kwamba alikuwa na kipaji.

Sasa, ile sheria. Sheria yenyewe ilikuwa ya kweli. Katika kisa hiki hilo ndilo jambo baya zaidi. Nalianya aliifuata tangu ikiwa mswada, kama watu wengine wanavyofuata timu ya mpira. Ilisema kwamba fundi yeyote mwenye mashine aliyoibuni mwenyewe anaweza kuandikishwa. Mashine hiyo itapimwa kwenye maabara ya utafiti bila malipo, fundi apewe nafasi ya kutumia mitambo mizuri ya kukatia chuma, na jina lake liandikwe kuwa mwenye ubunifu huo, asije tajiri akaiga na kumwambia atoke njiani. Nalianya hakutaka utajiri. Alitaka kibati kidogo cha shaba kwenye ubavu wa Fisi, kimeandikwa KWEYU NA NALIANYA. Alimwahidi Kweyu hivyo hospitalini, na Kweyu, aliyekuwa anapumua kwa shida, alisema, "Jina langu likae mbele. Mimi ndiye mzuri wa sura."

Ndiyo maana Nalianya alivua kofia.

Ngigi, mtengeneza majiko wa karakana ya pili, alikuwa wa kwanza kuisoma barua. Aliinua miwani, akaishusha.

"Mbunifu wa Mfano wa Taifa," alisema. "Ukishafika huko utatukumbuka kweli, ama tutakuwa tunakuona kwa gazeti tu, umevaa tai?"

"Tai nitaazima kwako."

"Mimi tai yangu ni ya mazishi."

"Hiyo hiyo."

Wakacheka. Frankline naye alicheka, akiwa ameegemea mlango. Mpango ulikuwa rahisi: yule mwandishi wa barua angejitokeza jioni hiyo wakati wa chakula, mzee angeshika kiuno na kumtupia sandali, mke wake Jacklyne angecheka mpaka alie, na mambo yangeishia hapo. Lakini jioni hiyo, kabla ya ugali kukatwa, Nalianya aliomba. Kwa kawaida maombi yake yalikuwa mafupi, maana alikuwa mtu wa njaa. Siku hiyo aliomba mpaka mboga ikapoa. Akasema, "Bwana, mwambie Kweyu. Kama huko habari hazifiki, mwambie." Hakuna mtu aliyecheka, na hakuna mtu aliyejitokeza.

Jumapili ikaja. Kanisani kwao kuna kipindi cha shukrani, ambapo aliyebarikiwa husimama mbele na kusema amebarikiwa vipi. Nalianya hakuwa amewahi kusimama. Siku hiyo alisimama akiwa amevaa tai ya mazishi ya Ngigi na kuisoma barua nzima, pamoja na nambari ya kumbukumbu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akamwekea mkono begani. Kijana mmoja kwenye benchi la nyuma alikuwa akiangalia viatu vyake kwa makini, kama vile ndani yake kulikuwa na mtihani.

Jambo likishatolewa shukrani kanisani, halirudi. Mtu akilirudisha, anamwaibisha aliyelishukuru.

Jumatatu asubuhi Nalianya alisimama mbele ya Fisi na spana mkononi kwa muda mrefu.

"Kweyu alisema isifunguliwe," alisema.

"Basi usiifungue, ankoli," Frankline akasema haraka. "Wakija, waichukue ilivyo."

"Barua imesema vipande vipande."

"Barua inaweza kukosea."

Nalianya alimgeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Unaniambia barua yenye muhuri ikosee?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa pana kama lango la shule, na mtu angeweza kupita bila hata kuinama. Haikupitwa. Ile sentensi ya vipande vipande, kwa taarifa yenu, haikuwa na sababu yoyote. Iliongezwa kwa vile ilikuwa na mlio mzuri.

Nalianya alifungua boliti ya kwanza. Alikuwa mtu aliyeishi miaka hamsini na mbili bila karatasi, na kwa sababu hiyo aliziheshimu karatasi kupita kiasi. Alishafukuzwa na karatasi sokoni, alishanyimwa kiwanja kwa karatasi. Hii ilikuwa ya kwanza kumjia ikiwa na jina lake na neno zuri karibu na jina hilo. Hakutaka kuanza urafiki nayo kwa ubishi.

Walifanya kazi siku mbili. Nalianya alifungua, Frankline akabandika nambari, kwa mwandiko mzuri, kwenye vipande vya plasta. Kipande cha kwanza, mkanda. Cha pili, kifuniko. Mpaka sitini na tatu. Walipoinua beringi, vile vipande vya bati vya Kweyu vilidondoka kimoja kimoja, vyembamba kama magamba ya samaki, vikatawanyika sakafuni katika vumbi la chuma. Havikuonekana kama sehemu ya mashine. Vilionekana kama takataka, na Frankline alivifagia pamoja na kuvitia kwenye kopo, ili pawe pasafi.

Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, mwanamke mmoja aliyevaa buti zenye vumbi alisimama mlangoni akiwa na faili kwapani.

"Habari za kazi, baba. Naitwa Anyango, natoka kwa wakaguzi wa ile sheria ya ubunifu. Natafuta mashine ya Kweyu na Nalianya."

Nalianya aliinuka akijipangusa mikono kwenye suruali. "Karibu, mama. Lakini si mlisema Ijumaa?"

"Sisi hatusemi siku, baba. Kanuni zinatukataza. Tukisema siku, watu wanaazima mashine za wenzao."

Nalianya alimpa barua kwa mikono miwili. Anyango aliisoma. Alipofika kwenye muhuri aliisogeza karibu na macho, kisha akaangalia sakafu, ambapo Fisi ilikuwa imelazwa kwenye magunia, sehemu sitini na tatu, zote zikiwa na nambari nzuri. Akamrudishia barua.

"Baba," alisema, "hii haikutoka kwetu."

Nje, nyundo za Kariobangi ziliendelea kugonga mabati. Ngigi, aliyekuwa ameanza kuja kusalimia mgeni, alirudi nyuma hatua moja.

"Haikutoka kwenu," Nalianya akasema.

"Hapana."

"Na nyinyi mnataka nini?"

Anyango alifungua faili kana kwamba lilikuwa zito. "Mashine yenu tuliijua kutoka kwa huyu Kweyu. Wabunge walipokuja kuchukua maoni ya wananchi pale ukumbini, yeye alisimama. Maneno yake yako hapa." Akasoma polepole. "'Sisi hatuna michoro. Mchoro wetu uko mikononi. Mkitudai michoro mtatuacha nje sote. Kama mnataka kujua mashine ni mashine, iwasheni mbele yenu, muiache iseme yenyewe.'"

Nalianya alitabasamu bila kutaka. Alikuwepo siku ile. Alimvuta Kweyu shati ili aketi.

"Walimsikiliza," Anyango akaendelea. "Kifungu kikabadilishwa. Michoro hatuombi. Mashine inapimwa ikiwa inafanya kazi mbele ya mkaguzi, siku ya ukaguzi." Akafunga faili. "Siku ya ukaguzi ni leo, baba."

Kifungu kile kililetwa na Kweyu ili mtu kama Nalianya asifungiwe nje.

Anyango aliangalia saa. "Nina mafundi wa mbao Gikomba. Nitarudi hapa saa kumi. Zaidi ya hapo siwezi."

Basi wakaijenga Fisi upya. Ngigi aliacha majiko yake akaja kushika pipa. Vijana wa karakana ya milango walikuja na spana zao. Jacklyne alileta chai ambayo hakuna aliyeinywa. Nambari zilisaidia, hakuna mtu atakayesema nambari hazikuwa sahihi. Kufikia saa tisa Fisi ilikuwa imesimama tena, na mtu asiyejua angesema ni ile ile.

"Bati ziko wapi?" Nalianya akauliza.

Frankline alileta kopo. Nalianya akamwaga bati kwenye kiganja na kuzihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Nyingine zilikunjwa mara moja, nyingine mara mbili, moja ilikatwa pembetatu. Alichukua bisibisi ya Kweyu, akaweka ncha kwenye beringi na mpini sikioni, akafumba macho kama Kweyu alivyokuwa akifumba. Alikaa hivyo. Watu wote walinyamaza, hata wapita njia.

"Unasikia nini?" Ngigi akauliza kwa sauti ndogo.

"Damu yangu," Nalianya akasema. "Yeye ndiye alikuwa sikio. Mimi nilikuwa mkono tu."

Alizichomeka bati kwa kukisia. Akawasha mota, akazima, akahamisha, akawasha, akazima. Saa kumi kasoro dakika tano Anyango alikuwa mlangoni. Nalianya akasema, "Acha iseme yenyewe," akawasha na kutupia gunia la kwanza.

Fisi ilipiga yowe. Ilitetemeka ikasogea kutoka mahali pake, ikameza nusu gunia, kisha jino moja likang'oka likagonga bati la paa, shafti ikapinda, na pipa likaanza kujikwaruza lenyewe. Nalianya alikimbilia swichi. Kilichobaki ni harufu ya mpira ulioungua, na tambara moja jekundu lililokuwa limening'inia mdomoni mwa mashine bila kutafunwa.

Anyango alikuwa ameshika kalamu. "Niandike nini, baba?"

"Andika ulichokiona."

Aliandika. Haikuchukua muda.

"Awamu nyingine itakuja lini?" Jacklyne akauliza.

"Haijapangwa, mama. Ikipangwa, nitakuja mimi mwenyewe." Akatia faili kwapani. "Poleni sana. Kweli."

Aliondoka. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, kama wanavyoondoka matangani, bila kuaga kwa sauti. Jua lilikuwa bado linawaka kwenye mabati. Nalianya aliketi kwenye ile ndoo iliyofunikwa, na Frankline akabaki, kwa sababu hakujua aende wapi.

Nalianya alinyoosha mkono, akatoa kisu cha Kweyu kwenye msumari kilipokuwa kikining'inia. Akakunjua barua juu ya goti.

"Kisu hiki kina pengo," alisema. "Hapa, karibu na ncha. Baba yako alikivunja akikata bati ya nne. Nilimcheka siku nzima." Akakiinua kwenye mwanga. "Ukikikandamiza juu ya mpira, pale penye pengo hapakatiki. Panabaki uzi mdogo. Sasa angalia muhuri huu. Fremu yake ina pande nne. Kila upande una uzi, mahali pale pale."

Frankline hakuangalia.

"Na wewe tangu Jumamosi unatembea na viatu vya shule ndani ya nyumba. Jacklyne anasema patipati yako moja imepotea."

"Uliona leo?" Frankline akauliza.

"Niliona Jumamosi. Nikiwa hapa hapa kwenye ndoo." Alikunja barua tena, kwa uangalifu, kwenye mikunjo yake ya zamani. "Nikajiambia, hata serikali inaweza kuwa na kisu chenye pengo. Nchi hii ina visu vingi. Mtu akitaka kitu sana, anakuwa mjinga kwa hiari yake."

Msimulizi alikusudia kuishia hapa. Alikuwa ametayarisha maneno mazito kuhusu sheria na ubunifu, na kuhusu kijana fulani mwenye kipaji ambaye jina lake lingefunikwa kwa heshima ya shule. Lakini mnajua jinsi nilivyojua nambari ya kumbukumbu ilikuwa ya nani, na ile sentensi iliongezwa kwa nini, na bati zilionekanaje sakafuni. Nalianya hakuangalia pembeni. Alinikabidhi kisu cha baba yangu, mpini ukiwa upande wangu.

"Usiniandikie barua," alisema. "Niambie kwa mdomo wako, bila muhuri."

Nilifungua mdomo, na maneno makubwa yote niliyonayo, yale ninayotumia kuwachekesha wenzangu baada ya kengele ya kulala, hayakuja hata moja.

"Ni mimi, ankoli," nikasema. "Niliiandika mimi. Na bati za baba nilizifagia mimi."